Mstari mwekundu chini ya maneno

Hapa Lubumbashi, mtu akitaka kompyuta yake irudi kama ilivyotoka kiwandani, anasema anataka kuiformata. Kitenzi chenyewe hakina kasoro. Kina ku- mbele na -a nyuma, Kifaransa kimekaa katikati kama mgeni aliyepewa kiti, na kinanyambulika bila shida: mashine imeformatiwa, niformatie, anaiformatisha kwa fundi. Nimekwisha kukitumia darasani kama mfano, tulipokuwa tukisoma namna lugha za Kibantu zinavyopokea vitenzi vya kigeni. Lakini kimebebeshwa mzigo wa vitenzi viwili. Kuformata, kwa mafundi wenyewe, ni kutayarisha diski upya ili ipokee faili. Ni kama kulima shamba mpaka lisibaki jani. Kurudisha mashine kwenye hali ya kiwandani ni kuondoa vilivyoongezwa na kupanda tena vilivyokuwepo siku ya kwanza. Mteja hajali tofauti hiyo. Anataka mashine iende mbio, na fundi naye anataka dola zake.

Mimi nililazimika kuijali, kwa sababu mashine niliyopewa niirudishe ilikuwa ya marehemu baba mdogo.

Alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika sekondari, na kuanzia saa kumi na moja jioni alikuwa mwandishi wa avenyu nzima. Hakuweka kibao mlangoni. Watu walijua tu. Aliyetaka kumwandikia mkubwa wake wa kazi, aliyetaka kuomba muda wa kulipa kodi ya nyumba, jamaa waliohitaji tangazo la msiba au barua ya kupeleka kwa wazazi wa msichana, wote walipita kwake. Bei ilikuwa ya karatasi na wino, na mara nyingine hata hiyo haikulipwa. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba wa Ubelgiji, yenye klaviye ya AZERTY, na herufi iliyofutika kuliko zote ilikuwa A. Katika Kifaransa herufi inayopigwa zaidi ni E. Katika Kiswahili ni A. Mtu angeweza kukisia lugha ya mwenye mashine kwa kutazama vidole vyake vilipochakaza.

Alifariki mwaka jana mvua zilipoanza. Mashine ilikaa kabatini chini ya kitambaa cha kufuma mpaka binti yake, mdogo wangu, alipokubaliwa kuingia chuo kikuu. Ndipo mama mdogo akaniita. Nanukuu maneno yake kama alivyoyasema, maana kuyanyoosha kungekuwa kumvalisha nguo isiyo yake: "Weye unasoma mambo ya luga, lakini mashini unazijua. Iformate, uipe mutoto, iwe sawa ile ilitoka mu usine."

Sawa na ile iliyotoka kiwandani. Jambo hilo linaonekana jepesi mpaka uulize kiwanda kipi.

Mashine nyingi zinaficha sehemu ya diski ambayo mtengenezaji ameweka nakala ya mfumo wake wa kwanza. Kwenye mashine za HP, kama ile, unaiamsha kwa kupiga F11 mara tu inapowaka. Nilipiga, na maandishi yaliyotokea yalikuwa ya Kiholanzi, kwa sababu ilinunuliwa mara ya kwanza na mtu wa upande wa Ubelgiji unaosema Kiholanzi. Nakala iliyofichwa ilikuwa ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo asili ya kweli ya mashine hiyo ilikuwa lugha ambayo hakuna hata mmoja nyumbani anayeisoma, na mfumo uliokwisha kustaafu. Nikatoka humo.

Njia ya pili iko ndani ya Windows 10, ambayo muuzaji wa hapa aliiweka kwa Kifaransa kabla ya kumuuzia baba mdogo. Unaingia kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya kurekebisha, unakuta "Réinitialiser ce PC". Inakupa chaguo mbili: kubaki na faili zako au kuondoa vyote. Halafu inauliza kama mfumo mpya utoke kwenye intaneti au ujengwe na vilivyomo ndani ya mashine. Ule wa intaneti unaweza kula zaidi ya gigabaiti nne, na kila mwanafunzi anayesoma ukurasa huu anajua gigabaiti nne ni chakula cha siku ngapi. Ukichagua vilivyomo ndani, unachopata ni mwanzo wa Windows 10 ya muuzaji. Kiwanda cha Windows 7 hakimo. Basi mashine moja ina asili mbili, na ya pili imezaliwa hapa mjini.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa kuwa jambo hili linagusa kazi yetu. Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunafundishwa namna yetu ya kurudi kiwandani. Meinhof mwaka 1899, Meeussen mwaka 1967, na wengine wengi wamelinganisha lugha zetu sauti kwa sauti ili kujenga upya lugha mama ya Kibantu. Na kwa desturi umbo lililojengwa hivyo huwekewa kinyota mbele. Mimi nakipenda kinyota hicho kuliko alama zote za taaluma yetu. Kinasema: hili tumelikokotoa, hakuna aliyelisikia. Kompyuta haihitaji kinyota kwa sababu asili yake imehifadhiwa kwenye pembe ya diski, unapiga kitufe inaitika. Lugha haina pembe hiyo.

Lakini sikilizeni mazungumzo ya korido zetu. Kuna wenzetu wanaosema Kiswahili cha Katanga kimeharibika na kirudishwe kwenye Kiswahili safi, kana kwamba kilishushwa hapa kikiwa kizima, kisha watoto wa Kenya na wa Katuba wakakivuruga. Tazameni tarehe. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910. Kamati iliyokaa kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja iliundwa mwaka 1930, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar; Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Wakati huo makambi ya Union Minière yalikuwa yamekwisha kujaa watu wa Kasai, wa Rodesia ya Kaskazini, wa Ruanda-Urundi, na Kiswahili chao kilikuwa kikiita watu kazini na kutongoza na kuzika. Hicho kinachoitwa hali ya kiwandani ni kidogo kwa umri kuliko avenyu zetu. Mimi mwenyewe naandika hapa kwa Kiswahili sanifu, nakipenda na ninakitafutia maksi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mama mdogo ni sanifu iliyoharibika.

Turudi kwenye mashine. Kabla ya kufuta chochote niliweka kwenye flashi picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa, na maandishi ya misa ya mazishi yake. Kisha nikaenda kutafuta kitu ambacho watu wengi hawajui kwamba wanacho.

Unapoandika ndani ya Word, neno ambalo kamusi yake haina linapigwa mstari mwekundu chini. Ukibofya upande wa kulia, inakupa nafasi ya kusema: liongeze kwenye kamusi. Kuanzia hapo mstari hautokei tena. Maneno hayo yanakwenda kukaa kwenye faili ndogo iitwayo CUSTOM.DIC, ndani ya folda ya mipangilio ambayo kwa kawaida haionekani. Ni maandishi matupu, neno moja kwenye kila mstari, unaweza kuyafungua kwa Bloc-notes. Ukirudisha mashine kiwandani, hata ukichagua kubaki na faili zako, programu ulizoweka na mipangilio yake zinaondoka. Zinabaki barua, na kamusi ya mwandishi inakwenda na maji.

Ya baba mdogo ilikuwa na maneno zaidi ya elfu moja.

Fikirini maana yake. Word yake ilikuwa ya Kifaransa. Kila neno la orodha ile ni mahali ambapo mashine ilisema "silijui neno hili" na yeye akajibu "mimi nalijua". Ni mwalimu wa Kifaransa, aliyekuwa akikata alama za wanafunzi kwa kosa moja la tahajia, akiwa peke yake usiku anabofya upande wa kulia, upande wa kulia, upande wa kulia.

Na kwa mtu wa isimu orodha ile ni karamu. Kamusi ya namna hiyo haijui mzizi. Inajua umbo zima tu. Kifaransa kinaweza kuvumilia, lakini Kiswahili kinaweka mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo kila umbo lilikuwa geni na liliomba ruhusa yake lenyewe. Kwenye mzizi wa -omba peke yake nilikuta: tunaomba, tunakuomba, tunawaomba, tuliomba, tuliwaomba, tumeomba, tukiomba, anaomba, wanaomba, ombi, maombi. Nikatafuta "naomba". Haimo. "Ninaomba" haimo. "Nimeomba" haimo. Nikapita vitenzi vyote: nafsi ya kwanza ya umoja ni nadra mno, na iliyopo ni ya vitenzi kama "nathibitisha", vya kuandikia watu hati. Mtu huyo kwa miaka yote aliyokuwa na mashine aliomba kwa niaba ya wengine. Kama alikuwa na ombi lake mwenyewe, hakulipigia chapa.

Kulikuwa na tunasikitika, tumesikitika, marehemu, mazishi, matanga. Kulikuwa na mashemeji na wakwe. Kulikuwa na kuranti na jeneretere kwa tahajia yake. Kulikuwa na majina ya mahali, Kinkondja, Malemba-Nkulu, na maneno ya Kiluba, lugha ya kwao: vidye, bulopwe, wafwako. Hata yasiyokuwemo yalikuwa na habari. "Baba" halimo, kwa sababu Kifaransa kinalo: ni keki inayolowekwa kwenye pombe ya rumu. "Moto" halimo, kwa sababu Wafaransa wanaliendesha barabarani. "Safari" walikwisha kulichukua zamani. Maneno hayo matatu yalipita mpakani bila kuulizwa karatasi, na huenda hakuna hata moja lililokuwa limebeba maana aliyoikusudia mwandishi.

Na mbali ya kamusi zilikuwepo barua zenyewe, mamia, zimepangwa kwa mwaka. Nakiri nilizitamani. Kiswahili cha Lubumbashi kina kazi za kitaalamu, na kina "Vocabulaire de Ville de Elisabethville" ya André Yav ya mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian aliichapa na kuifasiri mwaka 1990. Lakini barua za watu wa kawaida, zilizoandikwa na mkono mmoja kwa miaka mfululizo, kila moja na tarehe yake? Ningepata nyenzo za memwari yangu na za memwari za wenzangu watatu. Nilimweleza mama mdogo hivyo, kwa heshima, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha chini. Nikamwambia nitabadilisha majina.

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa. "Zile baruwa haziko zetu. Benyewe balikuya kwake juu balikuwa banamwamini."

Nikasema majina yote yatatoka.

"Kwa hii avenyu, ata ukitosha jina, bantu batajua tu ni nani."

Tumesoma kozi nzima juu ya maadili ya utafiti wa uwandani, tukajaza karatasi za idhini za mfano, tukajadili kuficha utambulisho wa msemaji. Sijasikia tatizo hilo likielezwa vizuri zaidi ya hapo. Mtu aliyeomba muda wa kulipa deni, mke aliyeandika kwa familia ya mume kabla ya kuondoka, baba aliyekana mimba: ondoa jina, acha mtaa, acha mwaka, acha idadi ya watoto, na majirani watamtambua kabla ya kumaliza ukurasa. Waliotoa maneno hayo hawakuyatoa kwa chuo. Waliyatoa kwa mtu mmoja, usiku, mlango umefungwa. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Nikamwomba basi anipe orodha ya maneno tu. Maneno hayana deni, nilisema. Akanawa mikono, akavaa miwani, akasema kwanza atayaona.

Ilituchukua jioni mbili. Mimi nilishika mashine, yeye alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Kila jina la mtu aliliondoa. Majina ya avenyu akayaondoa. Majina ya vijiji akayaacha, kwa sababu, alisema, kijiji hakioni haya. Mara nyingine alicheka. Mumewe alikuwa ameandika neno kwa makosa, kisha akaongeza hilohilo kosa kwenye kamusi, na yeye alifurahi kumkamata mwalimu. Jioni ya pili alikuta "natotela" na "mukwai". Hayo ni ya Kibemba, lugha ya kwao yeye, upande wa Kasenga. Alisimama hapo kwa muda. Kwa desturi yao mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo, hasemi naye uso kwa uso kama na rafiki. Baba mdogo alikuwa akimwandikia. Alichapa barua za shukrani kwa Kibemba chake cha kuokoteza na kuwapa wasafiri wa lori, na nyumbani hakutaja. Mama yake naye hakutaja, amekwisha kufariki. "Alikuwa anamwandikia mama," akasema, mara mbili, ya pili kwa Kibemba. Sikuandika popote alivyosema.

Karibu na mwisho aliweka kidole juu ya neno moja, kitenzi cha kawaida kabisa, kisicho na jina la mtu wala mahali. "Hii, itoshe." Nikalitoa. Kwa Kiswahili cha vitabuni angekuwa amesema neno hilo linatosha, na labda alisema yote mawili.

Kuhusu kufuta kwenyewe, nitasema yale tu yanayoweza kumsaidia mwenzangu. Faili ikifutwa kwa njia ya kawaida, diski haiifuti. Inaweka tu alama kwamba nafasi ile ni wazi, na mtu mwenye programu ya kuokoa faili anaweza kuirudisha. Kwa barua za watu hiyo haikubaliki. Kwa hiyo nilichagua kuondoa vyote, kisha nikafungua chaguo la ziada la kusafisha diski, ambalo linaandika juu ya nafasi nzima. Kwenye diski ya zamani inayozunguka kazi hiyo ni ya saa nyingi, na mashine inadai iwe imechomekwa kwenye umeme kabla ya kuanza. Hapo ndipo penye mtihani kwa mtaa unaopata kuranti usiku wa manane na kunyang'anywa kabla ya uji. Betri ilikuwa imechoka. Tulisubiri siku nne, mpaka jirani mwenye paneli za jua na betri kubwa alipokubali tuilaze kwake. Jirani huyo alikuwa na barua mbili ndani ya mashine hiyo. Aliniambia mwenyewe, akiangalia asilimia zinavyopanda, na alibaki macho mpaka ilipofika mia.

Asubuhi mashine ilituuliza tuko nchi gani na tunataka klaviye gani, kama haijawahi kukutana na binadamu. Word haikuwepo tena. Nikaweka LibreOffice, ambayo hailipiwi na inaandika vizuri tu. Orodha ya baba mdogo, ile iliyopita chini ya miwani ya mama mdogo, iko kwenye flashi yangu na kwenye daftari. Nitaifanyia kazi ya maumbo ya vitenzi, na mama mdogo atasoma kabla ya profesa. Nilimuuliza mdogo wangu kama anataka niyaingize maneno ya baba yake kwenye kamusi ya programu mpya. Inawezekana, ni kazi ya dakika chache. Alisema nisubiri.

Kitu cha kwanza alichoandika kilikuwa barua kwa ofisi ya uandikishaji, kwa Kifaransa safi ambacho baba yake angekipa kumi na tisa juu ya ishirini. Hakukuwa na mstari mwekundu hata mmoja mpaka chini kabisa, alipopiga jina lake. Nilimwonyesha jinsi ya kubofya upande wa kulia. Alilitazama kidogo, akaliacha hivyo hivyo, akaenda kuchapisha.